Viwanja viwili Mitengo, kimoja hati ya makazi kingine makazi na biashara, bei mara mbili. Hii imekaaje?

BintiLikombe

Habari za jioni wakuu wa kusini na wengine wote. Naombeni mawazo maana kila ninayemuuliza ana lake. Mi ni mzaliwa wa Mtwara ila kazi iko Dodoma, nimejibana mpaka nimepata hela ya kiwanja nataka niwekeze kidogo nyumbani. Kaka yangu kanitafutia viwanja viwili upande wa Mitengo, sio mbali na ile Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, vyote vimepimwa, bikoni (yale mawe ya mpaka) zinaonekana, hati zipo, ukubwa karibu sawa, mita za mraba mia sita na kidogo kila kimoja.

Sasa cha kwanza kiko mstari wa mbele kinatazama ile barabara pana ya mtaa, hati imeandikwa makazi na biashara, mwenyewe anataka milioni 14. Cha pili kiko mstari wa nyuma, yani ukisimama kwenye bikoni ya kile unakiona hiki, hati inasema makazi basi, huyu anataka milioni 7 na ukimkazia anaonekana atashuka.

Nusu bei! Udongo ule ule, maji yale yale, nguzo ya umeme ile ile. Nikamuuliza dalali akasema dada unalipia matumizi. Matumizi gani jamani wakati vyote viwili ni nyasi na mikorosho miwili mitatu iliyozeeka? Kaka yeye anasema chukua cha nyuma halafu nenda halmashauri ukabadilishe matumizi, utakuwa umepata kiwanja cha biashara kwa nusu bei. Mama kasema niachane na viwanja kabisa ninunue shamba la korosho Nanyamba.

Ninachotaka kujenga kwa sasa ni vyumba vya kupangisha, nawalenga wauguzi na wafanyakazi wa hospitali. Mbeleni Mungu akijalia niweke na fremu moja au mbili. Swali langu, hivi kweli maneno kwenye hati yanaweza kufanya ardhi ipande mara mbili hivyo? Na huko kubadilisha ni rahisi kama kaka anavyosema?


KangombaMstaafu

Msikilize mama yako. Korosho haina mstari wa mbele wala wa nyuma, ina mnada tu 😂


DalaliChikongola

Dada BintiLikombe salama? Mi ni dalali sifichi, na sio mimi niliyekupeleka huko Mitengo kwahiyo sina cha kupoteza hapa. Mwenzangu kakuambia ukweli ila kakuambia kwa kifupi. Kiwanja chenye biashara kwenye hati kina wateja wa aina nyingi, anakuja mtu wa hadwea, anakuja mtu wa famasi, anakuja anayetaka gesti, anakuja mtu wa ghala dogo la mazao. Cha makazi tupu mteja wangu ni mmoja, mwalimu au askari anayesubiri mkopo utoke. Nikiwa na vyote viwili mkononi cha mbele kinaondoka ndani ya msimu, hela za korosho zikiingia tu watu wanapiga simu, cha nyuma naweza kukaa nacho mpaka mikorosho ichanue tena.

Halafu benki. Ukipeleka hati ya makazi na biashara, mthamini akija namba anayoandika inakuwa nene kidogo kuliko ya makazi, kwahiyo hata mkopo unakuwa mkubwa. Hayo yote mwenye kiwanja anayajua ndo maana anakaza.

Ila milioni 14 kwa kiwanja hakina hata msingi huko Mitengo, mh, huyo bado anaota enzi za gesi. Mwambie 10 umsikilize atasemaje.


MchoraRamani

Nimefanya kazi ya mipango miji kwenye halmashauri za huku kabla sijaanza kazi zangu binafsi, ngoja nijaribu kukujibu dada, itakuwa ndefu nivumilie.

Kwanza tuelewane unanunua nini. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake, we hununui udongo, unanunua haki ya kuutumia kwa muda, miaka 33 au 66 au 99, na kwa masharti. Fungua hati yoyote nenda kwenye masharti utayaona yamepangwa pale, ulipe kodi ya pango la ardhi kila mwaka, ujenge ndani ya muda uliopewa ambao mara nyingi ni miezi 36, na utumie ardhi kwa matumizi yaliyoandikwa na sio mengine. Sasa kama unachouziwa ni haki ya kutumia, haki inayoruhusu mambo mawili kwanini isiuzwe ghali kuliko inayoruhusu jambo moja? Udongo ni ule ule kweli dada, ruhusa ndo imetofautiana.

Na ruhusa hiyo ina ukoo wake. Juu kabisa kuna mpango kabambe wa manispaa nzima ya Mtwara Mikindani, huo unasema mji ukue upande gani, viwanda vikae wapi, barabara kubwa zipite wapi. Chini yake kuna mchoro wa mipango miji wa eneo, sisi tunauita TP, huo unachora kiwanja kwa kiwanja, hapa makazi, hapa makazi na biashara, hapa shule, hapa eneo la wazi. Yote iko chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Mchoro ukishapitishwa ndo mpima anashuka na bikoni zake, na hati inakuja kunakili kilichoandikwa kwenye mchoro. Mchoraji kwa kawaida biashara anaipanga kwenye barabara pana tu, maana ndo gari la mzigo linapita na mteja anapata pa kupaki, huko ndani anaweka makazi ili watu walale. Matokeo yake kwenye bloku moja vya biashara vinakuwa vichache na vya makazi vinakuwa vingi, na kitu kikiwa kichache na kinatafutwa bei inapanda. Hakuna uchawi hapo.

Lakini hapa ndo watu wanapopigwa. Wino hauleti wateja. Mthamini makini akitafuta thamani anajiuliza mambo manne, sheria inaruhusu nini hapa, ardhi yenyewe inabeba nini, kipi kitarudisha hela, na katika hivyo kipi kitalipa zaidi. Neno biashara kwenye hati linajibu swali la kwanza peke yake. Wale waliokuwepo Mtwara miaka ya 2012, 2013 wanakumbuka, kila mtu aliona gesi ya Mnazi Bay imefika mlangoni, watu wa Dar wakaja na hela wakanunua viwanja vya hoteli na ofisi, bei zikapanda kila wiki. Bomba la kwenda Dar likazinduliwa 2015, wakandarasi wakafunga mizigo, na viwanja kadhaa vya biashara mpaka leo ni nyasi. Hati zao hazijabadilika hata herufi, bei ndo imeshuka.

Na kinyume chake mstari ukichorwa mahali pazuri unaishi kuliko aliyeuchora. Mtwara hii ilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa 1951, reli ikaja kung'olewa, lakini barabara pana zimebaki na vile viwanja vikubwa vya Wazungu kule Shangani vimebaki, na mpaka kesho mtu akitaka nyumba ya kumpangisha mgeni mwenye hela anaanzia Shangani. Karanga hamna, ila ramani ya karanga bado inapanga kodi za nyumba.

Sasa kubadilisha matumizi. Inawezekana, ipo kisheria, ila kaka yako kairahisisha. Unaomba halmashauri ambayo ndo mamlaka ya upangaji, tangazo linatolewa ili majirani wenye pingamizi waseme, maafisa wanakuja kuangalia eneo, ombi linaingia kwenye kikao cha kamati ya mipango miji, likipita linapanda juu kwa idhini, halafu hati ya zamani unairudisha unapewa mpya yenye masharti mapya na kodi ya pango ya daraja la biashara ambayo ni kubwa kuliko ya makazi, na utailipa kila mwaka hata kama hujafungua hata kibanda. Kila hatua ina ada na ina kusubiri kwake. Na wanaweza kukataa. Kiwanja cha mstari wa nyuma, njia yenyewe nyembamba, majirani wote makazi, mi ningekuwa kwenye kikao ningeuliza malori yatageuzia wapi.

Swali langu kwako dada, biashara ya nini? Umesema vyumba vya kupangisha. Vyumba vya wapangaji wa mwezi kwa mwezi ni makazi, hati ya makazi inakutosha kabisa, utahitaji kibali cha ujenzi tu kama mtu mwingine yeyote. Ukianza kulaza watu kwa usiku mmoja mmoja na kitabu cha wageni hapo imekuwa gesti na hati ya makazi haikulindi. Kwahiyo kama ni vyumba vya wauguzi, ukilipa milioni 7 za ziada unalipia ruhusa ambayo hutaitumia, ni kununua mtumbwi halafu ukaufunga uani. Fremu za mbeleni zitafakari ukishajua kwanza mbele ya hicho kiwanja watu wanapita au hawapiti.


MwanaMagomeni

Mkuu MchoraRamani umeandika vizuri ila hiyo ni nadharia bana. Njoo Magomeni huku, njoo Majengo, nyumba ya makazi mbele ina fremu tatu, saluni, wakala wa kutuma hela na bucha, nani kabadilisha matumizi? Hakuna. Mama anakaanga samaki barazani jioni na hajawahi kusikia habari za TP. Watu wanaishi, kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU, leseni za biashara tunakata, serikali inapata chake. Mi naona hizi kanuni zinamfanya mwenye hela apate kiwanja cha mbele na maskini asukumwe nyuma halafu tunaambiwa ndo mpangilio. Zifutwe soko liamue, anayetaka bucha aweke bucha, kama mtaa hautaki bucha itakosa wateja itafunga yenyewe.

BintiLikombe nunua cha nyuma, tia fremu zako, hakuna atakayekuuliza.


NyumaYaBandari

Atakayeuliza ni jirani yake ndugu yangu. Ngoja nikwambie.

Mtaa wetu hati zote makazi, miaka yote ulikuwa mtaa wa kimya, wapangaji walikuwa watu wa maofisini wanalipa miezi sita sita bila maneno. Makaa ya mawe ya Ruvuma yalipoanza kupita bandarini kwa wingi, malori yakawa yanatafuta pa kulala, bwana mmoja jirani yetu mwenye kiwanja kikubwa cha makazi akaona fursa, akasawazisha, akaweka geti pana, ikawa yadi. Hakubadilisha chochote kwenye karatasi. Usiku injini zinanguruma, vumbi jeusi kwenye kamba za nguo, njia ya mtaa ambayo haikujengwa kubeba tani zile ikawa mashimo, mtaro ukaziba. Mpangaji wangu wa kwanza alihama kimya kimya, wa pili akasema shusha kodi au naondoka, nikashusha. Jirani yule anaingiza hela nzuri sana, na sehemu ya hela ile ni kodi yangu mimi na ya wenzangu watano sita ambao thamani ya nyumba zetu imehamia kwenye yadi yake bila kutuuliza.

Soko liliamua kweli. Liliamua mtu mmoja apate na mtaa mzima ukose.

Nasikia bandari ya Kisiwa Mgao inajengwa ili mizigo michafu kama makaa na saruji ihamie huko, ikikamilika tutapumua, ila na wenyewe wa Mgao waangalie mapema kando ya barabara yao kumechorwa nini, maana yadi haziji kwa barua. Wewe dada kabla hujauliza hati yako imeandikwa nini uliza za majirani zimeandikwa nini.


MchoraRamani

NyumaYaBandari amemaliza. Nimjibu tu MwanaMagomeni kwenye hili la kufuta, maana sio hoja ya kijinga. Kule Marekani kuna jiji kubwa linaitwa Houston ambalo mpaka leo halina sheria ya kugawa mji kwa matumizi, wamepigia kura mara kadhaa, ya mwisho 1993, wananchi wakakataa. Na nyumba huko zimekuwa nafuu kuliko miji mingi mikubwa ya kwao, hilo linakubalika. Lakini ukichungulia ndani, watu wa mitaa yenye hela wamejiwekea masharti yao wenyewe kwenye hati zao, kwamba hapa ni nyumba ya kuishi tu, na jiji lenyewe linawasaidia kuyasimamia mahakamani. Kwahiyo anayeweza kulipa mwanasheria bado ana mtaa wa kimya, asiyeweza ndo anapata gereji dirishani. Masharti hayakufutika, yalibadilisha mmiliki tu.

Ambapo nakubaliana na wewe ni kwamba sisi wachoraji tumezoea kuchora kama vile watu wote wana magari na wanafanya kazi ofisini. Mtu wa Magomeni nyumba yake ndo duka lake. Kwenye urasimishaji, yani kuwapimia watu waliokwisha jenga bila mchoro, angalau tunafuata kilichopo, watu wanakubaliana kila mmoja amegwe kidogo njia ipite, na nimeona mtu aliyenuna kwa kupoteza mita mbili za uwanja akija kuuza bei ikawa juu kuliko zamani kwa sababu sasa gari linafika mlangoni. Kiduka cha mtaani huwa kinavumiliwa na hakuna ubaya. Bucha, baa na yadi ni habari nyingine.


MtuWaMchinga

Nawasalimu kutoka Lindi. Naona mnaongelea kiwanja na kiwanja, mi niongeze la mchoro mkubwa maana sisi huku limetukuta.

Eneo la Likong'o lilipotajwa kuwa ndo pa kujenga mtambo wa kusindika gesi, ile siku tu ramani imetoka bei zikagawanyika pande mbili. Walio nje ya mstari wa mpaka wa eneo hilo, kando kando, wakaanza kupigiwa simu na watu wasiowajua, ekari iliyokuwa ya kulima muhogo na minazi ikawa inatajwa kwa mamilioni. Walio ndani ya mstari kinyume chake, wakishathaminiwa wanaambiwa wasiendeleze, usipande mkorosho mpya usijenge chumba, nani atanunua kitu hicho? Hela imelala. Wakasubiri fidia miaka kadhaa mpaka malipo yakaja kuanza 2020. Na mtambo mpaka naandika hapa haujajengwa, kwahiyo hata wale wa nje ya mstari walionunua kwa fujo wengi wamekaa na pori lenye hati.

Kwahiyo dada kitu cha kwanza muulize afisa mipango miji sio hiki kiwanja ni cha nini, muulize mpango kabambe unasema nini kuhusu upande huu kwa miaka inayokuja. Ukikuta kuna barabara kubwa inatarajiwa, pima. Mnakumbuka Sheria ya Barabara ya 2007 ilivyotanua hifadhi ya barabara kwa zile barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati? Watu walilala wana nyumba ya mbele barabarani, wakaamka wana alama ya X ya kubomolewa. Ya kijani una fidia, nyekundu huna. Mstari wa mbele ambao kila mtu anautamani ndo uliofuatwa wa kwanza.

Na kama mtu akikupeleka ufukweni huko Mikindani au Mchinga akakwambia kiwanja cha hoteli, kumbuka mita 60 kutoka baharini haziruhusiwi shughuli za kudumu, iko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Nimeona mtu kalipia ekari, ukitoa mita 60 anabaki na kipande cha kuwekea choo.

La mwisho kwa mama yako, shamba la Nanyamba sio wazo baya ila muulize ni ardhi ya kijiji au iko ndani ya eneo lililotangazwa la mipango miji. Mji mdogo ukitanuka shamba la korosho linakuja kuchorewa viwanja, hapo unaweza kupata hela nzuri, lakini barabara na eneo la shule vitakatwa humo humo shambani kwako.


BintiLikombe

Jamani asanteni sana, yani nimejifunza kuliko vile nilivyotegemea. Nimemtuma kaka ofisi ya ardhi akaomba kuonyeshwa mchoro wa bloku yote, na tumeomba upekuzi rasmi wa hati zote mbili, yani waangalie kwenye kumbukumbu zao nani mmiliki na kama kuna deni, majibu yametoka.

Hati zote ni safi, wenye majina ndo wenyewe, ila cha mbele kina deni la kodi ya pango la miaka mingi ambalo mwenyewe hakulitaja. Kuhusu mchoro sasa ndo kuna kitu. Nyuma ya hiki kiwanja cha milioni 7, yani kinapakana nacho kabisa, kumechorwa eneo kubwa limeandikwa soko. Kaka ameruka juu, anasema soko likijengwa kiwanja cha nyuma kinageuka kuwa cha mbele, nichukue haraka kabla mwenyewe hajajua, na sasa anataka na yeye akope achukue cha pembeni yake. Mwenye kiwanja inaonekana hajui kweli. MchoraRamani hii inabadilisha chochote?


MchoraRamani

Inabadilisha kidogo. Mchoro ukisema soko maana yake hakuna mtu atakayeruhusiwa kuweka kiwanda au yadi hapo nyuma yako, na siku likijengwa ombi la kubadili matumizi litakuwa na hoja ya maana. Lakini soko lina kelele alfajiri na lina taka, wauguzi wako wa zamu ya usiku watalala saa ngapi? Na kuchorwa sio kujengwa, kuna masoko na shule kwenye michoro ambayo nimeikuta mimi yakiwa mikorosho na nimeondoka yakiwa mikorosho.

Mwambie kaka aende kwa mwenyekiti wa mtaa aulize jambo moja tu, waliokuwa na mashamba kwenye hilo eneo la soko walishalipwa fidia? Kama walilipwa, halmashauri ina nia na siku moja bajeti itapatikana. Kama hawakulipwa, weka thamani ya soko kwenye hesabu zako iwe sifuri. Nunua kiwanja kwa bei ya makazi kwa ajili ya makazi, kikigeuka ni bahati. Na kile cha mbele ukikirudia, deni la pango mwenyewe alifute kwanza, bila hivyo hutahamisha hati.


BintiLikombe

Kaka karudi kwa mwenyekiti. Hawajalipwa. Kuna mzee bado anaokota korosho zake humo humo kwenye soko, na kasema mwaka huu zimezaa vizuri.


KangombaMstaafu

Si nilisema 😂😂


DalaliChikongola

Basi dada cha nyuma hicho, ila usimpe 7. Anza na 5 na nusu, mwambie unalipa taslimu kwa mwanasheria siku hiyo hiyo na nakala inaenda serikali ya mtaa, atashuka mpaka 6. Na kaka yako mwambie asikope.